Elementi ya elfu sabini niliyoanguka nayo Mtambile: nyota nne

Assalaam alaykum. Nilisema sitaandika mpaka bega lipoe, limepoa, sasa naandika. Watu wameniuliza sana habari ya ile elementi, yaani kofia ngumu ya pikipiki, wengine wanataka kujua bei, wengine wanataka tu kusikia ajali, basi vyote nitavitia humu humu maana kwangu mie haviachani.

Mie fundi wa friji, nakaa Chake Chake, Pemba, kazi yangu kuzunguka, leo Wete kesho Kengeja keshokutwa Konde, na chombo changu pikipiki ya Kihindi cc 150. Miaka yote nilikuwa na lile kopo la elfu kumi na tano, mnalijua, plastiki jembamba na ndani kisponji kama cha kuoshea vyombo. Na kusema kweli halikuwa la kichwa lile, lilikuwa la trafiki. Nikikaribia wanaposimama nalitoa mkononi nalitia kichwani, nikishapita linarudi mkononi. Mkanda wake ulikatika zamani nikaufunga kipande cha waya wa umeme nikaona nimefanya la maana.

Mwanzoni mwa mwaka nikavuka Unguja kufuata kompresa, nikapita duka moja la spea mitaa ya Mlandege. Jina silitaji kwa sababu nina neno nao huko mbele. Ila muuzaji niliyemkuta siku ile, kijana tu, alinihudumia kwa ilimu. Hakuniuliza nataka rangi gani. Alichukua futi ya cherehani akanizungusha kichwani juu ya nyusi, sentimita 58, akaenda nyuma akarudi na moja nyeusi ya kufunika uso mzima, nikaivaa nikaona imenibana mashavu mpaka mdomo umetoka mbele kama samaki. Nikamwambia hii ndogo. Akasema, "Tikisa kichwa kama unamkatalia mtu deni." Nikatikisa. "Mashavu yamefuata elementi?" Yamefuata. "Basi ndiyo yako, ikicheza hiyo si elementi ni ndoo." Akanigeuzia na mkanda wa kidevuni akanionesha kitambaa kidogo kimeshonewa, kina herufi E ndani ya duara na nambari pembeni. Hiyo alama ya vipimo vya Ulaya, nambari inaonesha ni nchi gani iliyoipasisha, 1 Ujerumani, 2 Ufaransa, 3 Italia. Akaniambia stika ya nje mtu yeyote anaweza kuchapisha, tazama iliyoshonwa. Alianzia tisini, tukavutana, nikatoa sabini.

Sasa kasoro zake, maana tathmini bila ya kasoro ni tangazo. Joto. Yakhe, joto! Ukisimama tu kwenye foleni ya mafuta pale jua la saa saba unahisi kichwa kinachemka kama sufuria ya pweza. Kioo kinaingia ukungu mvua ikinyesha, inabidi ukifungue kidogo, na ukifungua mvua ndiyo inakuingia. Kitambaa cha ndani hakitoki, kwa hiyo huwezi kukifua, na baada ya miezi miwili ikaanza harufu mke wangu akanikataza kuiingiza ndani. Na inazuia masikio, mtu akikwita hata humsikii wanaona unajivuna. Haya yote nilikuwa tayari kuandika nyota tatu.

Ndiyo nikaanguka.

Natoka Mkoani, nishatengeneza friji la muuza samaki, narudi Chake, kile kiteremko cha kukaribia Mtambile. Msimu wa karafuu, na mnajua barabara zetu zinavyokuwa, majamvi ya kuanikia karafuu pande zote mbili, harufu mpaka ndani ya kioo. Sikuwa naenda mbio sana, hamsini hivi. Mbuzi akatoka. Nikabana breki, tairi la mbele likapanda juu ya makonyo, vile vijiti vya karafuu, yaliyomwagika lami, na makonyo makavu ni kama gololi, basi tena.

Nikuambieni nilichokiona. Yule mbuzi alikuwa jike na kamba imekatika shingoni inaburura, ile ncha ya kamba ilikuwa imefumuka nyuzi tatu. Begi la zana likafunguka nikaiona spana ya 14 inapanda juu inazunguka, inang'aa, inazima, inang'aa, inazima. Bibi mmoja kasimama kandoni na ufagio, mkono umebaki katikati. Jamvi likaja usoni nikaziona karafuu moja moja, wallahi, zile za kahawia zilizokwisha kukauka na zile za jana zingali na wekundu, na moja kichwa chake kimepasuka. Na sikusikia kitu. Pikipiki inakwaruza lami, lazima ilipiga kelele ya kuamsha maiti, mie kimya, kama niko chini ya maji. Na fikra nazo zinakuja kwa zamu, taratibu, hazisukumani: kwanza nikawaza lile friji nimesahau kukaza nati moja ya nyuma. Halafu nikawaza, mkanda nimeufunga? Nikajijibu, hebu ushike uhakikishe.

Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi mpaka leo, nitalirudia.

Kichwa kikapiga lami upande wa kushoto juu ya sikio, nikaserereka juu ya jamvi mpaka nikatulia. Sauti zikarudi zote pamoja. Yule bibi kaniinamia.

"Mwanangu, umo?"

"Nimo bibi."

"Alhamdulillahi. Haya inuka taratibu, karafuu zangu hizo."

Bega la kushoto, mfupa wa mtulinga una ufa, ngozi ya kiwiko imebaki barabarani. Kichwa salama. Spitali wakanimulika tochi machoni, wakaniuliza leo siku gani, nikawajibu, na nani rais, nikawajibu, wakasema huyu mzima.

Sasa hapa ndipo nilipopigwa na butwaa. Pale Mtambile pana wakala wa pesa ana kamera nje ya duka, inatazama barabara. Wiki ya pili nikaenda na mkono umefungwa shingoni nikamwomba anioneshe. Mie kichwani mwangu ajali ile ilikuwa na urefu wa, sijui, nusu dakika. Dakika nzima ukinibana. Kamera ina saa pembeni: mbuzi anatoka 10:42:17. Mie nimelala sitikisiki 10:42:20. Sekunde tatu. Tukairudia mara nne, nilidhani kamera imekatika, nikamuuliza mwenye duka hii haikuruka? Akacheka. Kulikuwa na kijana siku ile kakaa barazani kashuhudia yote, nikamuuliza wewe uliona imechukua muda gani, akasema, "Kufumba na kufumbua, sikuwahi hata kusimama." Ajali moja, mtu mmoja kaona kufumba na kufumbua, mwengine kaona nyuzi tatu za kamba.

Nikaanza kuwauliza watu, na hapa Pemba huhitaji kwenda mbali, kila mtaa una mtu aliyeanguka mkarafuu. Mzee mmoja hapa kwetu alivunjika nyonga ujanani, tawi limekatika, anakwambia aliyahesabu matawi wakati anashuka, na akawaza kapu lake litamwagika na nani atalipwa pishi zake, maana mchumaji hulipwa kwa pishi, kile kipimo cha karafuu. Mkarafuu wa mita kumi, piga hesabu, mpaka chini ni kama sekunde moja na nusu. Sekunde moja na nusu mtu kahesabu matawi na kagawa mirathi!

Kumbe jambo hili wameliandika tangu zamani. Kuna Mswisi, Albert Heim, mtaalamu wa miamba, mwaka 1871 aliporomoka milimani kwao, na wakati yuko hewani akafikiri kama avue miwani yake vioo visije vikamuingia machoni. Akapona. Akakaa akikusanya habari za wapanda milima wenziwe walioanguka wakapona, 1892 akazitoa, na wengi wanasema lile lile, fikra nyingi, utulivu, muda mrefu. Nikasoma ile ya miwani nikacheka peke yangu maana ni mkanda wangu ule ule.

Lakini aliyenimaliza ni Mmarekani, David Eagleman, mtaalamu wa ubongo, yeye mwenyewe alianguka paa la nyumba akiwa mtoto wa miaka minane na likamkaa kichwani. Swali lake ni hili: hivi ubongo kwenye hatari unakimbia kweli, unaona vitu vingi kwa sekunde moja kuliko kawaida, au unajiona tu kwamba umeona? Basi akatafuta watu wakubali kuangushwa. Kule Dallas kulikuwa na mnara wa michezo, wanakuachia kutoka mita 31, chali, hujafungwa kamba yoyote, chini kuna wavu. Sekunde mbili na nusu hivi unashuka. Mkononi wamekufunga kitu kama saa kinachowasha nambari zinabadilika haraka mno, haraka kupita kidogo kile jicho la kawaida linachoweza kusoma. Hoja yake nyepesi tu: kama kwenye hofu muda unapungua mwendo kweli, basi nambari nazo zitaonekana zimepungua mwendo, mtu atazisoma.

Hawakuzisoma. Walitazama, waliogopa, waliona ukungu ule ule waliouona wakiwa wamesimama chini. Halafu wakaulizwa wakadirie wameanguka kwa muda gani, na wakadirie wenzao walianguka kwa muda gani, na kwa wastani mtu kwake mwenyewe akatia urefu zaidi, asilimia 36 zaidi kuliko aliowatazama. Karatasi yao ilitoka 2007. Mie na kijana wa barazani, ndio sisi.

Basi kinachotokea, kama nilivyoelewa, ni hivi. Ndani ya ubongo kuna kipande kidogo umbo la lozi, wanakiita amigdala, kazi yake ni kupiga king'ora. Kikipiga, adrenalini, homoni ya kushtuka, inamwagika mwilini, moyo unadunda, macho yanashika lililo mbele na masikio yanaachwa, ndiyo maana sauti mie zilinipotea. Na kumbukumbu inaandikwa kwa nguvu na kwa wingi, hata takataka inaandikwa. Siku ya kawaida ubongo bahili, unatoka Chake mpaka Wete ukiulizwa umeona nini unasema sikuona kitu. Siku ya hatari unatia kila kitu kapuni bila kuchambua, karafuu na makonyo na majani na vumbi. Halafu baadae unakuja kupima. Na sisi muda uliopita hatuupimi kwa saa, tunaupima kwa pishi: unatazama kapu limejaa pomoni unasema aa, hii kazi ya kutwa nzima. Kumbe imechumwa kwa sekunde tatu.

Yaani ule muda mrefu sikuwa nao wakati ule. Nimeupata baadae, nikiukumbuka.

Sasa rudi kwenye mkanda. Mie nilipokuwa hewani niliwaza "ushike uhakikishe", na kwa ninavyokumbuka nafasi ilikuwepo tele, ningeweza kupeleka mkono kidevuni, nikavuta, nikarudisha. Tazama kamera. Mkono haukutikisika. Mkono ulikuwa umebana usukani, halafu umeachia, halafu umepiga lami. Na kama mnadhani fikra ile ilikuja wakati ule kweli au nimeichomeka mwenyewe nilipokuwa nimelala, hata mie siwezi kukuapieni. Niliufunga mkanda asubuhi Mkoani mbele ya muuza samaki, nikiwa na haraka, nusura nisiufunge. Ule wa kopo, wenye waya, ungeruka mbuzi akiwa bado yuko katikati ya barabara.

Nilikuwa nayo hoja mie zamani, na najua wapo wanaosoma hapa wanayo, kwamba "nikiona hatari nitaivaa vizuri", "nikiona hatari nitaruka". Hoja ile inatoka kwa watu kama yule mzee wa mkarafuu na kama mie, tunaosimulia ajali za sekunde mbili kwa nusu saa na kahawa juu yake, mpaka msikilizaji anadhani mle ndani mna wasaa.

Haya, na elementi yenyewe ilifanya nini? Nikaipeleka kwa seremala akaikata katikati kwa msumeno, alinishangaa, kitu cha elfu sabini. Nje gamba limekwaruzika tu. Ndani, baina ya gamba na kitambaa, kuna lile povu gumu jeupe kama la maboksi ya tivii, na mie mapovu nayajua, ukutani mwa friji nayakata kila wiki. Upande wa kulia unene wake kidole gumba kizima na zaidi. Upande wa kushoto, pale juu ya sikio, limebonyea, limeshikamana, ukiligusa gumu kama limepigwa pasi, na lina ufa.

Kichwa kikipiga lami kavu kinasimama hapo hapo, na kule kusimama ghafla ndiko kunakoua, ubongo unaendelea na safari yake fuvu limeshafika. Povu linakubali kupondeka, na wakati linapondeka kichwa kinapata kasafari kengine ka sentimita moja mbili, kinasimama kwa sehemu chache za elfu ya sekunde zaidi. Hizo tu. Kama unavyodaka dafu lililotupwa juu, ukikaza mikono linakuvunja vidole, ukiirudisha mikono chini kidogo nalo, linatulia. Kwa hiyo siku ile pale Mtambile muda ulirefuka kweli mara moja tu, na aliyeurefusha si ubongo wangu na adrenalini zake, ni kipande cha povu jeupe, na kaurefusha kiasi ambacho hata kamera ya wakala haikukiona.

Na povu likishapondeka halirudi. Msimuuzie mtu elementi iliyoanguka mkamwambia "imekwaruzika tu". Tayari nimeona watu wanaziuza hapa Chake.

Sasa lile neno langu na duka. Nimerudi mwezi huu kununua ya pili. Yule kijana hayupo, nimemkuta mwengine mkubwa wake. Futi hana habari nayo. Kanipa moja kubwa inacheza, nikamwambia inacheza, akaniambia "vaa na kofia ndani". Kofia ya kiua! Nikageuza mkanda, hakuna kilichoshonwa, ila nyuma pana stika kubwa inang'aa, nikaikwangua kwa ukucha ikatoka nzima nzima, nikaibandika juu ya meza yake. Akanuna. Ya kweli akaitoa chini ya kaunta, bei sasa tisini na tano, hashuki, na risiti hakuna, mashine mbovu. Na siku ile ya kwanza pia mashine ilikuwa mbovu, nimekumbuka. Nimeinunua kwa sababu saizi yangu haikuwepo kwengine, lakini roho haikuridhika.

Kwa hiyo elementi nyota nne, ya tano ingekuwepo kama kitambaa cha ndani kinatoka kufuliwa. Duka nyota mbili, moja ya yule kijana peke yake, kama kuna anayemjua kahamia duka gani aniambie.

Yule bibi nilimrudia na kilo ya sukari na mkono mmoja, tukakaa kuchambua. Ananisimulia ajali yangu kwa jirani zake, na katika masimulizi yake mie naruka juu kama mnazi. Nikamuuliza bibi, hivi wewe uliona imechukua muda gani? Akanitazama, akaendelea kuchambua. "Mie nilikuwa natazama jamvi," akasema. "Zilimwagika muda mrefu."